Kutoka Kamba za Makumbi hadi Kandambili: Historia Fupi ya Malighafi ya Vyombo vya Pwani

Wengi wetu tunapotaja sanaa ya asili huwa tunafikiria vitu vya namna moja: kinyago cha mpingo, mkeka wa ukindu, mlango uliotiwa nakshi, ngoma iliyowambwa ngozi. Vitu hivyo ni vyetu na ni fahari yetu. Lakini mazoea hayo yametuletea fikira isiyo sahihi, yaani kwamba kazi ya mkono huwa ya asili kwa sababu ya malighafi yake, na kwamba fundi akibadili malighafi amekwisha kuiacha jadi yake. Historia haikubaliani na fikira hiyo. Fundi wa bati aliyetengeneza koroboi kwa kopo tupu, fundi wa viatu aliyekata katambuga kutoka katika tairi la gari lililochakaa, na Edward Saidi Tingatinga, ambaye mnamo mwaka 1968 huko Dar es Salaam alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vibao vya hadibodi, wote walitumia vitu ambavyo babu zao hawakuvijua. Hata hivyo, kazi zao leo twazihesabu kuwa ni za kwetu.

Katika insha hii tunakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kuitazama kazi moja tu, nayo ni uundaji wa vyombo vya bahari katika pwani ya Afrika Mashariki. Tutaanza na mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba, na tutaishia katika jahazi la plastiki lililoshuliwa Lamu mwaka 2018. Njiani tutajiuliza: ni kitu gani hasa kinachorithiwa, mbao au maarifa?

Habari za vyombo vya kushonwa ni za kale sana. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani wa huko Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Humo aliutaja mji wa biashara uliokuwa wa mwisho katika pwani yetu, uitwao Rhapta, akaeleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vilivyoshonwa vilivyokuwako huko. Zaidi ya miaka elfu moja na mia nne ikapita. Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walipofika kisiwani Msumbiji mwaka 1498, nao wakaandika kwamba vyombo vya wenyeji havikuwa na misumari, bali mbao zake zilifungwa kwa kamba, na matanga yake yalikuwa ya majani yaliyosukwa.

Mtepe, ambao uliundwa hasa katika visiwa vya Lamu na Pate na sehemu zilizo jirani, ndio chombo cha ukoo huo kilichodumu mpaka karibu na zama zetu. Malighafi yake kubwa ilikuwa mnazi. Makumbi ya nazi yalifukiwa pwani ili maji ya chumvi yayalainishe, kisha yalipondwa, yakatolewa usumba na kusokotwa kamba. Na kazi hiyo ya kusokota kamba hata leo bado yafanywa na akina mama wa Unguja. Fundi alizitoboa mbao ukingoni kwa keekee, akazishona moja kwa nyingine, akayaziba matundu kwa vigingi vidogo na nyuzi. Tanga lilikuwa la mraba, limeshonwa kwa ukili kama jamvi. Gubeti lilipewa umbo ambalo wazee walilifananisha na kichwa cha ngamia, na ikasimuliwa kuwa ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume.

Chombo cha namna hiyo kilikuwa na taabu zake. Kilivuja, na mabaharia walilazimika kufua maji ya ngama mara kwa mara. Kamba zilichakaa, zikahitaji kubadilishwa. Lakini kilikuwa na sifa ambayo chombo cha misumari hakina: kilipopanda mchangani au kilipogusa mwamba kilipinda kidogo badala ya kupasuka, kwa sababu mbao zake zilishikwa na kitu laini. Watu wa kale waliokuwa wakiuliza sababu ya kutokutumia chuma waliambiwa kuwa baharini mna mlima wa sumaku unaoing'oa misumari ya vyombo vinavyopita karibu. Hiyo ilikuwa hadithi tu. Sababu iliyo karibu zaidi na akili ni kwamba minazi ilikuwa tele, chuma kilikuwa ghali, na fundi mwenye busara hutumia kilicho karibu naye baada ya kukijua vizuri tabia yake.

Kisha mambo yakageuka. Misumari ilipozidi kupatikana, vyombo vya kushonwa vilianza kuachwa kidogo kidogo. Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja: katika karne ya 19 mtepe na jahazi la misumari viliegesha katika bandari zile zile. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka. Tanga la mraba la ukili nalo likaliachia nafasi tanga la pembe tatu la nguo ya pamba, lililotwekwa kwa foromali. Mahali pa sindano na kamba pakashikwa na nyundo na msumari, na katika nafasi baina ya mbao pakatiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta.

Hapa yafaa tusimame tufikiri. Jahazi la misumari, ambalo leo twalichora katika vitabu vya shule na kulionyesha kwa wageni kuwa ni alama ya asili yetu, lilikuwa ni jambo geni machoni pa fundi wa mitepe. Bila ya shaka walikuwapo wazee waliotikisa vichwa walipoona mbao zikipigiliwa chuma. Na si chombo tu kilichopokea vitu vya kigeni, bali hata lugha ya chombo. Neno nahodha na neno bandari asili yake ni Kiajemi, lakini hapana Mswahili anayejiona mgeni anapoyatamka. Tulivipokea vitu hivyo, tukavitia mkono wetu, vikawa vyetu. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na historia ya vyombo vyetu ni ushahidi wa maneno hayo.

Katika zama zetu koleo limevunjika tena, na mara hii limevunjika kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni miti. Jahazi zuri lahitaji mbao ngumu zisizooza upesi, kama vile mbambakofi, na mataruma yake yahitaji matawi yaliyopinda yenyewe, ambayo fundi huenda kuyachagua msituni kwa macho yake. Miti ya namna hiyo imepungua. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwa karne nyingi boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na Ghuba, mpaka Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Mwaka 2018 Serikali hiyo ilisimamisha pia ukataji wa miti katika misitu ya umma. Makatazo hayo yalikuwa na sababu njema, kwani msitu ukiisha hakuna fundi wala jahazi. Lakini matokeo yake kwa mwunda vyombo yalikuwa dhahiri: mbao zikawa adimu na bei ikapanda, na wavuvi wengi wakageukia boti za faibaglasi zinazomiminwa katika kalibu, ambazo hazimhitaji mtu ajuaye kusoma umbo la tawi.

Sababu ya pili ni taka. Wakati miti ikipungua nchi kavu, bahari ilikuwa ikijazwa kitu kingine. Chupa, ndoo zilizopasuka, nyavu za nailoni na mifuko vilitupwa mijini na kuchukuliwa na mito hadi baharini. Na mikondo ya Bahari ya Hindi ikaleta vingine kutoka nchi za mbali. Katika taka hizo kandambili zimekuwa nyingi mno. Kandambili ni kiatu cha mtu wa kawaida, kwa kuwa ni rahisi kununua. Ukanda wake ukikatika hutupwa, na kwa kuwa ni nyepesi huelea hata ikafika ufuoni. Serikali zetu hazikukaa kimya: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, na Tanzania nzima mwaka 2019. Lakini sheria huzuia yajayo tu, wala haikusanyi yaliyokwisha kutupwa.

Waliotangulia kuitazama taka hiyo kwa jicho la ufundi walikuwa watoto. Katika miaka ya 1990, huko Kiwayu, kisiwa kilicho kaskazini ya Lamu, watoto walikuwa wakizichukua kandambili zilizotupwa na bahari wakazichonga vigari na mashua za kuchezea. Mtaalamu wa hifadhi ya bahari, Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi katika sehemu hizo, aliona michezo hiyo mwaka 1997, akawatia moyo akina mama wa huko wazikusanye kandambili, wazioshe na kuzifanya vitu vya kuuza. Kutokana na mwanzo huo ilizaliwa karakana ya Ocean Sole mjini Nairobi, ambako kandambili hugandishwa tabaka juu ya tabaka na kuchongwa kwa visu hata zikawa twiga, kobe na tembo wenye rangi nyingi. Kila mstari wa rangi katika mwili wa tembo huyo ni unyayo wa mtu asiyejulikana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Ben Morison na Dipesh Pabari, pamoja na wenzao, walikusudia kuunda chombo kizima cha tanga kwa plastiki iliyookotwa, ili watu wapate kuona kwamba kitu kinachotupwa baada ya kutumiwa mara moja kina nguvu ya kuvuka bahari. Nia hiyo isingefika popote kama wasingempata fundi. Aliyeongoza kazi ya kuunda alikuwa Ali Skanda wa Lamu, mwenye ujuzi wa kuchonga na kuunda vyombo kwa njia za jadi. Kiasi cha tani 10 za plastiki kilikusanywa. Plastiki hiyo ilisagwa, ikayeyushwa na kumiminwa kuwa magogo na mbao, na mafundi wakazichonga mbao hizo kwa mikono kama wachongavyo mbao za miti. Baada ya kiunzi na ubavu kukamilika, kandambili zipatazo 30,000 ziliunganishwa kuwa mabamba ya rangi za kila namna, na chombo kikavikwa mabamba hayo kama vazi. Yafaa msomaji alijue jambo hili vyema: kandambili si mifupa ya jahazi hilo, bali ni ngozi yake. Mifupa ni plastiki iliyoyeyushwa.

Kazi haikuwa nyepesi. Plastiki haina tabia ya mti. Ubao wa mti hunywa maji ukavimba, na kwa kuvimba huko huziba nafasi iliyo kati yake na mwenzake. Plastiki hainywi maji, wala haivimbi kwa maji. Mti una nyuzi zinazomwambia fundi tezo iende upande gani. Plastiki haina nyuzi. Plastiki hutanuka kwa jua kuliko mti, hupinda kwa uzito, na gundi nyingi haziishiki. Mambo hayo yote ilibidi yajulikane kwa kujaribu na kujaribu tena, na kazi ilichukua miaka. Hapo tunakiona kile kile tulichokiona kwa mshonaji wa mtepe: yeye aliijua tabia ya usumba, na huyu wa leo hana budi aijue tabia ya plastiki, na maarifa hayo hayapatikani ila mkononi.

Mwezi wa Septemba 2018 chombo hicho, chenye urefu wa mita 9 hivi, kilishuliwa Lamu, kikapewa jina la Flipflopi, lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kandambili. Mwezi wa Januari 2019 kiling'oa nanga kuelekea Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi, na kikafika mwezi wa Februari, baada ya kutia nanga katika bandari za njiani, Mombasa ikiwa mojawapo, ili watu wakione na kusikia habari zake. Tunaomba wanafunzi wauangalie wakati huo wa safari. Januari ni msimu wa kaskazi, upepo ule ule uliowaleta mababu zetu na wageni wao kusini tangu zama za Rhapta. Malighafi ilikuwa mpya kabisa, lakini upepo, tanga, na elimu ya kuutega upepo kwa tanga vilikuwa vya kale. Mwaka 2021 chombo hicho kilisafirishwa hadi Ziwa Victoria, kikatembelea pwani za Kenya, Uganda na Tanzania kwa shabaha ile ile.

Sasa yatupasa tuzikabili hoja za wasioridhika, kwa maana si hoja za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza yasema kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba jahazi la taka ni dhihaka kwa wazee. Tumekwisha kujibu sehemu ya hoja hiyo tulipoonyesha kwamba jahazi la misumari nalo liliwahi kuwa geni. Twaongeza hili. Mwunda vyombo wa jadi hafanyi kazi kwa mchoro wa karatasi. Huulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapima kwa kamba na kwa jicho, na umbo zima la chombo limo kichwani mwake kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Hiyo ndiyo asili. Mtu akiliunda jahazi kwa mbambakofi safi bila ya jicho hilo, ameunda sanduku linaloelea. Na mtu akiliunda kwa plastiki akiwa na jicho hilo, ameunda jahazi. Aliyeacha asili ni yule aliyeacha kujifunza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasema kwamba plastiki iliyoyeyushwa bado ni plastiki. Kwamba tani 10 ni kama tone mbele ya taka zilizomo baharini. Na kwamba rangi nzuri za kandambili zaweza kumfanya mtu aipende taka badala ya kuichukia. Hoja hiyo ina ukweli, na hatuna haja ya kuificha. Jahazi moja halisafishi bahari. Tembo wa kandambili akiwekwa sebuleni huzifanya kandambili zake zisirudi pwani, lakini hamzuii kiwanda kumimina nyingine. Kwa hiyo, sanaa ya namna hii isipewe kazi isiyoiweza. Kazi yake ni kama ya shairi: shairi halilimi shamba, lakini humwamsha mkulima. Anayeliona jahazi lililovikwa kandambili 30,000 huziona kwa mara ya kwanza zile ambazo kila siku alizikanyaga ufuoni bila ya kuziona. Baada ya hapo ni wajibu wa sheria, viwanda na mabaraza ya miji.

Lakini iko hatari ya tatu ambayo kwetu sisi ni kubwa kuliko zote mbili, wala haitajwi mara nyingi. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 mtepe uliundwa upya na kuwekwa katika Jumba la Maajabu, Zanzibar, ili watu wauone. Ilikuwa kazi njema. Lakini kwa wakati huo wazee waliokuwa wakiishona mitepe kwa ajili ya biashara na safari walikuwa wamekwisha kuzikwa, na ujuzi wao ilibidi utafutwe katika picha na maandishi ya watu waliowatazama kwa nje. Minazi haijaisha, usumba haujaisha, kamba zingali zikisokotwa. Malighafi yote ipo. Kilichopotea ni mkono. Basi taifa laweza kupoteza sanaa yake huku malighafi yake ikiwa imejaa tele, na laweza kuiokoa sanaa hiyo hata malighafi ikiwa imekwisha.

Hilo ndilo linaloipa thamani kazi ya Lamu. Kila kijana aliyeshika patasi katika kuunda jahazi lile alijifunza jinsi mkuku unavyolazwa na jinsi taruma linavyopinda, na maarifa hayo yatamfaa hata akirudi kwenye mti. Kazi yoyote ya ubunifu wa kisasa inayomwita fundi mzee na kumkalisha kijana karibu naye twaweza kuipokea katika utamaduni wetu bila ya hofu, ingawa imetengenezwa kwa kitu cha ajabu. Na kazi inayomtumia fundi kwa siku ya picha tu, kisha ikamwacha bila ya mwanafunzi, hatuna budi kuitilia shaka, hata kama imetengenezwa kwa mpingo.

Tunawaachia walimu wa shule zilizo karibu na bahari au ziwa jambo moja la kutenda. Wapelekeni wanafunzi kwa fundi wa vyombo aliye jirani, nao wakaandike majina ya viungo vya chombo kama ayatajavyo yeye: mkuku, taruma, fashini, gubeti, shetri, foromali, na mengine ambayo sisi hatukuyaandika hapa. Wamwulize kila kiungo hufanywa kwa mti gani, na mti huo ukikosekana hutumia nini. Jibu la swali hilo la mwisho lisikilizwe kwa makini, kwa kuwa humo ndimo ubunifu ulimo. Na daftari hizo zihifadhiwe shuleni, kwani baadhi ya mafundi hao ni wazee sana.